Maandamano yalimwangusha Bashir. Je, ndiyo yaliyoleta vita Sudan?

*"Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Mikindani. Mdogo wangu wa kiume alikwenda Khartoum mwaka 2017 kusoma chuo. Alikuwapo Rais Bashir alipoangushwa 2019, na alikuwapo vita vilipoanza Aprili 2023, akarudishwa nyumbani na wenzake bila cheti. Kijiweni wanamwambia Wasudani wamejitakia wenyewe. Baba naye anasema watu wasingeingia barabarani, Sudan leo ingekuwa salama. Anaongeza kwamba hata sisi Mtwara tuliandamana 2013 kwa ajili ya gesi, jeshi likaja, na gesi ikaenda Dar es Salaam vilevile. Mdogo wangu alikuwa akijibu kwa hasira kwamba watu walishinda kwa simu na intaneti, kisha wakaporwa ushindi wao. Siku hizi habishani tena. Anashinda chumbani, pikipiki ikipiga mlio anaruka, usiku halali. Naomba unieleze, watu wasio na silaha wanaiangushaje serikali ya miaka 30 yenye jeshi? Na nani mkweli, baba au mdogo wangu?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza la historia, lakini nadhani la huko chumbani ndilo linalokukosesha raha. Nitaanza na la historia kwa sababu ndilo mnalogombania nyumbani, kisha nitamrudia kijana. Tafadhali usiishie katikati.

Nikuambie mapema ninavyoona: baba yako amekosea chanzo cha vita, na mdogo wako amekosea silaha iliyomwangusha Bashir. Hilo la pili ni jepesi zaidi, na likieleweka la baba linajieleza.

Serikali ya mabavu ukiitazama kwa mbali inaonekana kama jabali. Ukiikaribia unakuta ni watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini. Fikiria ghala la chama cha msingi wakati wa msimu wa korosho. Mwenyekiti anaweza kuamuru mzigo uondoke leo hii. Lakini karani asipopima, wapagazi wasipobeba, dereva asipowasha lori na mlinzi asipofungua geti, amri ya mwenyekiti inabaki kuwa maneno, hata aipige muhuri. Rais naye hapigi risasi kwa mkono wake, haendeshi treni, hatibu majeruhi, hasomi taarifa ya habari. Maandamano peke yake hayamng'oi. Kinachomng'oa ni pale yanapowafikisha wale wanaomtii mahali ambapo kila mmoja lazima aamue mbele ya macho ya jirani zake: niendelee au niache?

Wasudani walilijua hili zamani, kuliko karibu Waafrika wote. Watu wengi hapa kwetu hudhani 2019 ilikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 1964. Jenerali Ibrahim Abboud alikuwa ameshika nchi tangu Novemba 1958. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum waliitisha mjadala kuhusu vita vya kusini, jambo ambalo serikali haikutaka lijadiliwe. Usiku wa tarehe 21 polisi wakaingia na kupiga risasi, akafa mwanafunzi aitwaye Ahmad al-Qurashi. Mazishi yake kesho yake yakageuka maandamano makubwa. Lakini kilichommaliza Abboud si mazishi. Ni mgomo uliofuata: mahakimu, mawakili, madaktari, wahadhiri na wafanyakazi wa reli waliacha kazi kwa pamoja, na ndani ya jeshi lenyewe maofisa vijana wakaonyesha kwamba hawako tayari kuua raia. Tarehe 26 Abboud akavunja baraza lake la kijeshi, mwisho wa mwezi ikaundwa serikali ya mpito chini ya mwalimu, Sirr al-Khatim al-Khalifa, na katikati ya Novemba jenerali akajiuzulu. Hebu fikiria: serikali ya kijeshi inaondoka, anayekabidhiwa nchi ni mtu wa elimu. Sisi walimu tunaipenda sana sehemu hiyo, nisamehe.

Mara ya pili ilikuwa 1985. Jaafar Nimeiri, aliyeingia kwa mapinduzi Mei 1969, alikuwa amewachosha hata waliompenda. Januari 1985 alimnyonga Mahmoud Mohamed Taha, mwanazuoni wa miaka ya sabini na kitu, kwa kosa la fikra. Machi bei za chakula zikapanda kufuatia masharti ya wakopeshaji, watu wakaingia barabarani, na yeye akasafiri kwenda Marekani kana kwamba hakuna kitu. Madaktari wakagoma, kisha karibu taaluma zote. Tarehe 6 Aprili waziri wake wa ulinzi, Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab, akatangaza kwamba jeshi limemwondoa. Nimeiri alikuwa Cairo njiani kurudi, akabaki huko miaka 14. Swar al-Dahab akafanya jambo ambalo majenerali wachache sana wamewahi kulifanya: akaitisha uchaguzi mwaka uliofuata na kurudi nyumbani kwake.

Kwa hiyo Omar al-Bashir alipochukua nchi tarehe 30 Juni 1989, alijua hasa wapi pa kukata. Alivunja vyama vya wafanyakazi, akawafukuza kazi maelfu ya watumishi aliowashuku, na akahakikisha jeshi halibaki peke yake na bunduki. Akajenga idara ya usalama yenye askari wake. Akawapa silaha wanamgambo wa Darfur, waliojulikana kama Janjaweed, ambao mwaka 2013 wakapangwa upya na kuitwa Kikosi cha Msaada wa Haraka, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, yule wanayemwita Hemedti. Mwaka 2017 bunge likakipa kikosi hicho sheria yake, kikiwajibika kwa rais. Lengo lilikuwa rahisi: jeshi likitaka kupindua, kuna kundi la kulizuia; kundi likileta jeuri, kuna jeshi. Liweke hili akilini, nitalirudia nikifika kwa baba yako.

Sasa 2018. Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na takriban robo tatu ya mafuta, na uchumi wa kaskazini haukusimama tena. Watu walipanga foleni ya mkate, ya dizeli, hata ya kuchukua pesa zao wenyewe benki. Desemba 2018 mkate uliokuwa pauni moja ukawa pauni tatu. Tarehe 19 watu wa Atbara wakatoka na kuchoma ofisi za chama tawala. Atbara si mji wowote tu. Ni mji wa reli, ambako harakati za wafanyakazi wa Sudan zilizaliwa. Hapa kuna kosa jingine la kawaida, la kusema yalikuwa maandamano ya mkate. Mkate uliwatoa nyumbani. Siku chache baadaye wimbo ulikuwa mmoja tu, kwamba utawala uanguke, na serikali ingepunguza bei hata mara kumi wasingerudi.

Aliyewapa ratiba ni Muungano wa Wanataaluma wa Sudan, ambao ulikuwa mkusanyiko wa vyama vya madaktari, walimu, wanasheria, waandishi wa habari na wengine walioendesha mambo kwa siri kwa sababu vyama halali vilikuwa mikononi mwa serikali. Wiki baada ya wiki walitangaza: Alhamisi mtaa huu, Jumapili mtaa ule. Bashir akatangaza hali ya hatari Februari 2019, maandamano hayakuisha. Tarehe 6 Aprili, siku ileile ya 1985 na kwa makusudi, wakaita watu waende makao makuu ya jeshi. Hawakwenda ikulu. Walikwenda mlangoni kwa wale ambao utii wao ndio uliombakiza rais.

Wakaketi hapo. Walipika, waliswali, walikuwa na mahema ya madaktari, vijana walikagua kila anayeingia asiwe na silaha. Wiki chache baadaye watu wa Atbara walifika kwa treni, wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Muulize mdogo wako kuhusu vijana waliokaa juu ya daraja la reli wakigonga vyuma mchana na usiku. Kama alifika pale hata siku moja, hajasahau. Askari wa usalama walipojaribu kuwatawanya kwa risasi zile siku za kwanza, baadhi ya wanajeshi wa kawaida wakafyatua kuwalinda watu, na wapo wanajeshi waliokufa hapo. Majenerali waliona kitu ambacho kila jenerali anakiogopa: jeshi lao likianza kupigana lenyewe kwa lenyewe mbele ya geti lao. Alfajiri ya tarehe 11 Aprili walimwondoa Bashir ili wabaki wao.

Ndiyo maana nasema si intaneti. Simu zilisaidia sana kusambaza ratiba na picha, hilo halina ubishi. Lakini serikali ilifunga mitandao ya kijamii tangu Desemba, na baada ya tarehe 3 Juni, pale watu waliokuwa wakikesha mlangoni mwa jeshi walipovamiwa na kuuawa zaidi ya 100, miili mingine ikitupwa Nile, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Ni katika giza hilo ndipo, tarehe 30 Juni, yalipofanyika maandamano makubwa kuliko karibu yote ya mwaka ule. Yaliandaliwa kwa vipeperushi, kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kugonga mlango hadi mlango. Waliofanya kazi hiyo ni kamati za mitaa, vijana wanaojuana kwa majina. Mdogo wako anawapunguzia sifa wenzake anapoipa simu ushindi wao.

Kuhusu Mtwara 2013, nina neno na baba yako, kwa heshima zote. Mfano wake unaumiza kwa sababu watu walikufa, na wengi wetu huku kusini tunakumbuka bajeti ya nishati iliposomwa bungeni tarehe 22 Mei na yaliyofuata mitaani. Lakini haulingani na Sudan. Watu wa Mtwara hawakutoka kuiangusha serikali. Walitaka gesi iliyotoka ardhini kwao iwaachie kitu. Walikuwa mkoa mmoja, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Serikali ilileta askari kutoka nje ya mkoa, na nchi nyingine haikuwa na sababu ya kugoma, kwani Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa ikisubiri umeme wa hiyo gesi. Tena nchi ilikuwa na mlango mwingine wa kutolea hasira: mwaka 2015 wapiga kura wa Mtwara Mjini walimpeleka bungeni mgombea wa CUF, chama cha upinzani. Khartoum hakukuwa na mlango huo. Na Khartoum ni mji mkuu ambamo ikulu, wizara, makao ya jeshi, uwanja wa ndege na mamilioni ya watu vimebanana penye makutano ya mito miwili. Ukisimamisha Khartoum umesimamisha dola. Ukisimamisha Mtwara, kwa bahati mbaya, umesimamisha Mtwara.

Sasa lile la vita. Baba yako anasema maandamano ndiyo yaliyovileta. Kama ingekuwa hivyo, 1964 na 1985 zingeleta vita Khartoum pia. Hazikuleta. Vita vya kusini vilikuwapo, lakini vilikuwapo kabla ya maandamano yote mawili. Tofauti ya 2019 ni ile niliyokuambia uiweke akilini. Nimeiri alipoanguka lilibaki jeshi moja. Bashir alipoanguka yalibaki mawili, kila moja na mkubwa wake, biashara zake na marafiki zake nje ya nchi. Hemedti alikuwa na dhahabu ya Darfur na wapiganaji aliokuwa akiwapeleka Yemen. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan alikuwa na jeshi na kampuni zake. Siku kumi tu baada ya Bashir kuondoka, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ziliahidi dola bilioni 3. Hazikuahidiwa kwa watu waliokaa barabarani.

Agosti 2019 raia na majenerali walitia saini kushirikiana madaraka, na Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu. Makubaliano yale yaliacha marekebisho ya vyombo vya ulinzi mikononi mwa wanajeshi wenyewe. Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wa kiraia, ingawa lawama yangu ni nyepesi: walikuwa wametoka kuzika watu wa Juni, na kukataa kungeweza kumaanisha mauaji mengine. Wapo Wasudani wengi wa kamati za mitaa waliosema tangu siku ile kwamba hatushirikiani nao, hatujadiliani nao. Sijui kama njia yao ingefaulu. Najua tu kwamba hii iliyofuatwa haikufaulu. Oktoba 2021 Burhan na Hemedti, pamoja, waliipindua serikali ya mpito. Desemba 2022 yakaja makubaliano mapya, na ugomvi ukawa kikosi cha Hemedti kiingizwe jeshini kwa muda gani: jeshi likitaka miaka 2, yeye akitaka 10. Tarehe 15 Aprili 2023 wakaanza kupigana katikati ya mji. Zaidi ya watu milioni 10 wameyakimbia makazi yao tangu hapo. Hakuna mwandamanaji aliyekuwa na kifaru.

Kuna jambo la pili ambalo ningemwomba mzee alifikirie. Anaposema Sudan ilikuwa salama, ni Sudan ipi? Darfur iliwaka moto tangu 2003, na makadirio ya Umoja wa Mataifa ni vifo vya watu wapatao 300,000. Milima ya Nuba, kusini mwa nchi, ilikuwa ikilipuliwa kwa ndege tangu 2011. Bashir alikuwa na hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2009. Vita havikuzaliwa 2023. Vilihamia mjini, vikiletwa na watu walewale waliokuwa wakivipigana mbali na macho ya Khartoum.

Hata hivyo sitaki umbebeshe mdogo wako matumaini nisiyokuwa nayo mimi. Rekodi ya Sudan ni maasi matatu ya raia yaliyofaulu na mapinduzi matatu ya kijeshi yaliyoyafuta: 1969, 1989, 2021. Burkina Faso nao walimng'oa rais wao, Blaise Compaoré, kwa maandamano Oktoba 2014, na kikosi chake maalumu cha ulinzi kilipojaribu kupindua mwaka uliofuata kikashindwa na kuvunjwa, wakafika kwenye uchaguzi. Kule kulikuwa na jeshi jingine lililokubali kukivunja. Lakini 2022 wakapinduliwa mara mbili. Kumwondoa mtu kwa njia ya raia kunawezekana, limethibitishwa mara nyingi. Kuwanyang'anya bunduki na dhahabu waliokuwa wakimlinda ni kazi nyingine, na umati barabarani hauna mkono wa kuifanya.

Kwa hiyo kijana yuko karibu zaidi na ukweli. Waliporwa, tena na watu wanaojulikana kwa majina. Na akitaka kujua wenzake wako wapi: kamati zile za mitaa hazikufa zote. Nyingi ziligeuka vyumba vya dharura, na katika vita hivi ndizo zinazoendesha majiko ya umma, zinazotafuta dawa na kuhamisha familia pale ambapo mashirika makubwa hayafiki.

Sasa kijana mwenyewe. Kuruka kwa mlio wa pikipiki, kukosa usingizi, kujifungia na kuacha kuzungumza, kwa mtu aliyepitia vita, ni mambo yanayojulikana kitabibu na yana matibabu. Mimi ni mtu wa historia, si daktari, na sitampima kwa maandishi. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, mapokezi mseme mnataka huduma ya afya ya akili, na mweleze mtoa huduma wazi kwamba alikuwa Khartoum vita vilipoanza. Wasipoambiwa hivyo huenda wakampa dawa ya usingizi tu na kumrudisha. Nenda naye, usimwache aende peke yake mara ya kwanza. Kama nyumbani wanataka kumfanyia kisomo, wafanye, hakizuii hospitali. Ila kisiwe sababu ya kuiahirisha. Na akianza kusema ni bora angekufa kule, au akigawa vitu vyake, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke saa hiyohiyo, na kwa usiku ule asilale peke yake.

Kijiweni asilazimishwe kwenda. Mjadala wa Sudan kwa wengine ni wa kupitishia kahawa. Kwake ni sauti alizozisikia. Mzee akitaka kubishana, mpe barua hii abishane na mimi.

Na kuhusu masomo, kwa sababu hukuuliza lakini umeandika "bila cheti": wasiliana na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu kuhamisha masomo na kutambuliwa kwa yale aliyokwisha kusoma. Akusanye kila alichonacho, pasipoti yenye viza, kitambulisho cha chuo, barua ya udahili, matokeo ya mihula, hata kama ni picha tu kwenye simu, na awatafute wanafunzi wenzake waliorudi naye maana baadhi yao huenda wameshapita njia hiyo. Msipate majibu kwa simu, mmoja wenu asafiri akayafuatilie ana kwa ana.